Hodari wa Kazi, Mfuko Mtupu

Mazungumzo ya redio
Masomo: Mwanzo 31:36–42, Ayubu 42:7–12

Karibuni tena tukae pamoja kwa dakika chache, mmoja akiwa jikoni, mwingine dukani, mwingine nyuma ya ng'ombe wake. Leo nataka tuzungumze juu ya swali linalowasumbua watu wengi, ingawa ni wachache wanaolitamka. Je, mtu anayeijua kazi yake vizuri, ni lazima apate mali? Na yule asiye na mali, je, ni kwa sababu hakuijua kazi?

Nianze kwa kuungama. Miaka michache iliyopita nilizungumza redioni juu ya Mithali sura ya 10, mahali panapotufundisha kwamba uvivu na umaskini hukaa nyumba moja, na bidii na utajiri ni majirani. Neno hilo ni kweli. Lakini mimi niliongeza langu. Nilisema kwa uhakika mkubwa kwamba mtu akiijua kazi yake na kuifanya kwa bidii, hawezi kuwa maskini. Watu kadhaa walinipongeza. Nami nikayasahau maneno hayo, kama tunavyosahau mengi tuyasemayo.

Mwaka 2023, mvua ilipokuwa imerudi, nilifuatana na ndugu waliokuwa wakipeleka unga na maharagwe hadi Biliqo. Hicho ni kijiji cha wafugaji Waborana, upande wa Merti katika kaunti ya Isiolo, nchi kavu inayoutegemea mto Ewaso Nyiro. Wenyeji karibu wote ni Waislamu, nao walitupokea kwa heshima na chai ya maziwa machache waliyokuwa nayo. Tulipokuwa tumeketi kivulini, mzee mmoja mwenye redio ndogo mfukoni alinitazama kwa muda, kisha akauliza, "Padri, si wewe uliyesema redioni kwamba anayeijua kazi yake hawezi kuwa maskini?"

Nikasema, "Ni mimi, mzee wangu."

Akasema, "Mimi nilikuwa na ng'ombe 60. Sasa nina wanne. Nimechunga tangu utoto. Nieleze, Padri, ni kazi gani ambayo sikuijua?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Nilifungua kinywa changu, nikakifunga. Kando yake alikuwa ameketi kijana wake wa miaka kama 20, akiuangalia mchanga. Baadaye nilielezwa kwamba kijana huyo husema waziwazi kuwa baba yake alishindwa na maisha, na kwamba yeye hataki hata kuiona fimbo ya kuchungia. Hapo ndipo niliposikia uzito wa maneno yangu. Mahubiri yangu yalikuwa yamempa kijana ushahidi wa kumshtaki baba yake.

Ndugu msikilizaji, tumtendee haki mzee huyu. Hebu tuitazame kwanza kazi yake.

Sisi wa mjini hudhani kuchunga ni kutembea nyuma ya mnyama. Sivyo. Mfugaji wa Kiborana humjua kila ng'ombe wake, na mama yake, na bibi yake. Huligawa kundi lake mara mbili: wanyama wa kukamuliwa hukaa karibu na nyumba, nao huitwa kundi la warra, wale wasio na maziwa na wenye nguvu hupelekwa mbali kwenye malisho, nao huitwa fora. Kwa njia hiyo watoto hupata maziwa, na nyasi za karibu hazimalizwi. Hufuga ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo pamoja, kwa maana ngamia hula majani ya miti wakati ng'ombe hana nyasi, na huweza kukaa siku nyingi bila maji. Hujua ni umbali gani ng'ombe dhaifu anaweza kwenda kabla ya kuanguka.

Tena hafanyi kazi hiyo peke yake. Kuna wazee wa dedha, yaani wa eneo la malisho, ambao huamua ni wapi pachungwe wakati wa mvua na ni wapi pahifadhiwe kwa ajili ya kiangazi. Kwenye kisima yupo aba herega, asimamiaye zamu za kunywesha, ili mwenye nguvu asimsukume mnyonge. Huo ni ujuzi wa vizazi vingi. Yeyote anayeuita ujinga, mjinga ni yeye.

Basi kama ujuzi upo, mali ilikwenda wapi? Nimelifikiria jambo hili tangu siku ile, nikaona kwamba ujuzi ni mlango mmoja tu wa kuingilia mali. Iko milango mingine, na mingi kati yake haina ufunguo mkononi mwa fundi.

Mlango wa kwanza ni majira. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa mwaka 2022, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika kaskazini ya Kenya na nchi jirani. Ukame wa namna hiyo haukuwa umeonekana kwa miaka 40. Katika Kenya walikufa mifugo zaidi ya milioni 2. Mfugaji hodari anaweza kuvumilia msimu mmoja mbaya, hata miwili. Lakini nyasi zilizohifadhiwa zikiisha, na nyasi za jirani zikiisha, ujuzi wa kuhama unakosa mahali pa kuhamia.

Mlango wa pili ni soko. Wakati wa ukame kila mtu hutaka kuuza, na kila ng'ombe amekonda. Kwa hiyo bei yake huanguka. Siku hizohizo bei ya mahindi hupanda. Mtu aliyekuwa akiuza mbuzi mmoja na kupata unga wa wiki nyingi, sasa huuza mbuzi na kupata unga wa siku chache. Mtaalamu wa uchumi aitwaye Amartya Sen, mzaliwa wa India, alilieleza jambo hili katika kitabu alichokitoa mwaka 1981. Alichunguza njaa ya Ethiopia ya miaka ya 1972 hadi 1974, akaonyesha kwamba wafugaji walipigwa mara mbili: wanyama walikufa, na wale waliobaki walinunua nafaka kidogo kuliko zamani. Kila kilichobaki mkononi mwa mfugaji kilikuwa kimepungua thamani, ingawa ujuzi wake ulikuwa vilevile.

Mlango wa tatu ni mtaji. Mwenye ng'ombe 300 akipoteza 200, amebaki na 100 wa kuanzia. Mwenye 10 akipoteza saba, amebaki na watatu, na hao watatu hawatoshi kuwalisha watoto. Itambidi amwuze hata mtamba ambaye angezaa kesho. Wote wawili wanaweza kuwa na ujuzi sawa, lakini mmoja ana mahali pa kusimama, na mwingine hana.

Mlango wa nne ni amani na haki. Wazee wa nchi ya Waso hawajasahau vita vya Shifta vilivyoanza mwaka 1963. Watu walikusanywa katika vijiji vya ulinzi huko Garba Tula na Merti, wakazuiwa kuhama na wanyama wao, na mifugo mingi ikaangamia. Mapatano kati ya Kenya na Somalia yalifanyika Arusha mwaka 1967, lakini familia nyingi zilikuwa zimekwisha kufilisika. Je, hao walikuwa wavivu? Au hawakujua kuchunga? Hata leo, wezi wa mifugo wakija usiku, hawaulizi nani ni mchungaji hodari.

Labda wewe unayenisikiliza huna ng'ombe hata mmoja. Lakini jambo ni lilelile. Fundi mwashi hujenga nyumba ya ghorofa kwa mikono yake, naye hulala katika chumba cha kupanga kinachovuja. Mshonaji hodari anaweza kushindwa kulipa kodi ya kibanda, na karibu yake pana mtu asiyejua kutunga uzi ambaye ana cherehani sita na wafanyakazi sita. Huyo wa pili si lazima awe mwizi. Kununua, kuuza, kutunza hesabu na kuongoza watu pia ni ujuzi. Lakini tusidanganyike: ujuzi wa kufanya kitu ni mmoja, na ujuzi wa kupata fedha kutokana na kitu hicho ni mwingine, na bahati ya kuzaliwa penye mtaji si ujuzi kabisa.

Sasa tuifungue Biblia. Katika Mwanzo sura ya 31 tunakutana na mchungaji hodari kuliko wote, naye ni Yakobo. Alimtumikia Labani mjomba wake miaka 20. Labani mwenyewe alikiri, katika sura ya 30, kwamba alibarikiwa kwa ajili ya Yakobo. Kundi lilikua. Lakini lilikuwa kundi la nani? La Labani! Yakobo alipigwa na jua mchana na baridi usiku, usingizi ukamkimbia, mnyama aliyeraruliwa akalipwa kutoka mfukoni mwake, na ujira wake ukabadilishwa mara 10. Ujuzi ulikuwa wa mmoja, na utajiri ukaenda kwa mwingine.

Hapa naomba tusimame kidogo. Siku hizi wako watu wenye mishahara mijini, nao wana makundi makubwa nyikani yanayochungwa na vijana wa kuajiriwa. Wengine ni waumini wa makanisa yetu. Ndugu, unamlipa mchungaji wako kwa wakati? Ng'ombe akifa kwa kiangazi, unamkata mshahara? Na wewe mwenye duka, na wewe mama uliyemwajiri msichana wa kazi, mshahara mliopatana mwezi wa kwanza ndio huo unaoutoa, au umekwisha kuubadilisha kama Labani? Yakobo alisema kwamba Mungu aliyaona mateso yake na kazi ya mikono yake. Mungu huyo hajafumba macho.

Tena tumtazame Ayubu. Sikilizeni vizuri, wafugaji, maana Ayubu ni mwenzenu. Alikuwa na kondoo 7,000, ngamia 3,000, jozi 500 za ng'ombe na punda 500. Katika siku moja Waseba walichukua ng'ombe na punda, moto ukateketeza kondoo, na Wakaldayo wakaja kwa vikosi vitatu wakaondoa ngamia. Wizi wa mifugo, msiba kutoka angani, na wizi tena. Kisha wakaja rafiki zake, Elifazi, Bildadi na Sofari. Walianza vizuri, wakaketi naye kimya siku saba. Lakini walipofungua vinywa, walisema kwa maneno mengi neno moja tu: Ayubu, lazima uko mahali ulipokosea.

Wapendwa, niliposoma maneno hayo baada ya kurudi kutoka Biliqo, nilijiona mimi mwenyewe. Nilikuwa nimekaa pamoja na Elifazi. Na katika sura ya 42 Mungu akawakasirikia rafiki hao, kwa kuwa hawakunena yaliyo kweli. Angalieni: Mungu hakumkasirikia maskini aliyeuliza maswali. Aliwakasirikia wale waliokuwa na majibu mepesi.

Kisha soma mstari wa 11, ambao wengi wetu huruka haraka tukimbilie zile kondoo 14,000. Kabla ya kutajwa kondoo hao, Biblia inasema kwamba ndugu zake wote, na dada zake, na waliomjua zamani, walikuja wakala chakula nyumbani kwake, wakamfariji, na kila mmoja akampa kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Ndipo tunasoma habari za baraka za Bwana na hesabu ya wanyama. Andiko halisemi kwamba fedha zile ndizo zilizonunua kondoo. Lakini mpangilio wenyewe unatufundisha. Ayubu hakuinuka peke yake kwa ujuzi wake. Bwana alimbariki, na ndugu walimjia mikono ikiwa imeshika kitu.

Jambo hili Waborana wanalijua. Kwao iko desturi iitwayo buusa gonofa. Mtu akipoteza mifugo yake, ukoo hukaa pamoja, huuliza jinsi mali ilivyopotea, na walionacho humpa aliyepoteza wanyama wa kuanzia. Hawamwambii, "Wewe unajua kuchunga, utapata." Wanajua kwamba ujuzi usio na mnyama hauzai ndama. Nami nilikuwa nimekwenda kwao na magunia ya unga, nikidhani ni mimi mwenye kufundisha!

Lakini desturi hiyo ina mpaka wake. Ukame ukiupiga ukoo wote kwa pamoja, anayepaswa kutoa naye ni mwombaji. Ndiyo sababu msaada lazima utoke mbali zaidi, kwa watu ambao mvua haikuwapita. Hapo ndipo mahali pa kanisa, na pa serikali, na pa jirani wa dini yoyote.

Basi tufanye nini? Nataja mambo matatu.

Kwanza, usiache ujuzi. Mtu asiondoke hapa akisema, "Kama ujuzi hauleti mali, ya nini kujifunza?" Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu ili atengeneze dhahabu, fedha na mbao za hema ya kukutania, wala hatusomi kwamba alitajirika. Ujuzi ni njia ya kumtumikia Mungu na jirani kabla haujawa njia ya kupata fedha. Mshono mnyofu ni mnyofu hata kama mshonaji hakulipwa vizuri.

Pili, ongeza ujuzi wa kulinda kazi yako. Mfugaji na ajifunze kuuza baadhi ya wanyama mapema, wakiwa bado wana mwili, kabla mvua haijakosekana mara ya pili. Fundi na aandike hesabu, apatane bei kabla ya kuanza kazi. Iko pia bima ya mifugo, iliyoanza kujaribiwa Marsabit mwaka 2010. Mwaka 2015 serikali nayo ilianzisha mpango wake. Bima hiyo haihesabu mizoga. Setilaiti hupima kutoka angani ukijani wa nchi, na malisho yakikauka kupita kipimo kilichowekwa, aliyekata bima hulipwa. Ni jambo jema, lakini nalo lina mpaka: hupima nyasi za eneo zima, si ng'ombe wako aliyekufa, na kuikata kunahitaji fedha, ambazo maskini ndiye hana. Kwa hiyo umoja na vikundi vya akiba vinahitajika, ili wachache wasiokuwa na kitu wabebwe na wenzao.

Tatu, tubadilishe midomo yetu. Tuache kumwuliza aliyefilisika, "Ulikosea wapi?" kabla hatujamwuliza, "Umekula?" Tuache kumpa kiti cha mbele mwenye gari na kudhani ana hekima katika mambo yote. Wewe uliyefanikiwa, mshukuru Mungu, kisha uhesabu milango iliyofunguliwa na wengine: baba aliyekulipia karo, barabara iliyopita karibu na shamba lako, mvua iliyonyesha kwako. Kumbukumbu la Torati sura ya 8 inatuonya tusiseme moyoni kwamba nguvu zetu wenyewe ndizo zilizotupatia utajiri. Na wewe uliyeanguka, kama ulikuwa mvivu au mlevi, tubu. Mlango wa toba uko wazi. Lakini kama ulifanya kazi yako kwa uaminifu na mali ikaondoka, usijivike aibu isiyo yako. Bwana wetu Yesu alikuwa seremala, naye hakuwa na mahali pa kulaza kichwa chake. Je, tutasema hakuijua kazi?

Mzee wangu wa Biliqo, siku ile sikukujibu. Kama redio yako ingali na betri, jibu langu ni hili: hakuna kazi ambayo hukuijua. Mimi ndiye niliyesema neno ambalo sikulijua. Naomba unisamehe. Na wewe kijana wake, kama unasikiliza, hulazimiki kuishika fimbo ya baba yako. Chagua kazi yako. Lakini usiseme tena kwamba alishindwa. Baba yako aliwafikisha wanyama wanne ng'ambo ya misimu mitano bila mvua. Mwulize jinsi alivyofanya. Hilo ni somo ambalo hata chuo changu cha theolojia hakikunifundisha.

Tuombe.

Ee Mungu Baba, mpaji wa ujuzi wote, tunakushukuru kwa mikono inayochunga, inayoshona, inayojenga na inayolima. Utusamehe tulipowapima watu kwa mifuko yao. Uwaonee huruma waliopoteza mifugo na mashamba. Uwape walionacho moyo wa kutoa, na wenye kuajiri moyo wa haki. Utupe mvua kwa wakati wake, na amani katika malisho. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki. Kwaherini, mpaka tutakapokutana tena.